DSLR au kamera ndogo ya mfukoni? Shemeji anarudi Ijumaa

Kinyonga Mweusi: Wakuu, habari za jioni. Shemeji yuko Muscat, anarudi Ijumaa na amekubali kunibebea kamera moja. Nimebakiza mbili: Nikon D3500, ambayo ni DSLR (kamera kubwa ya kubadilisha lenzi), na lenzi yake ya milimita 18-55, au Canon G7 X Mark II, ile ndogo ya mfukoni. Zote zimetumika kidogo. Nichukue ipi? Naomba kuwasilisha.

Fundi Lenzi: Kwa kazi gani? Harusi, kipaimara, picha za pasipoti? Mfuko unasemaje? Unauliza gari au pikipiki na hujasema unakwenda wapi.

Mzee wa Negativu: DSLR, basi. Sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ya D3500 ni milimita 23.5 kwa 15.6, ya hiyo ndogo 13.2 kwa 8.8. Eneo zaidi ya mara tatu! Chaji moja D3500 inapiga picha 1,550, mwenzake 265. Ukumbini utanishukuru.

Kinyonga Mweusi: Sipigi ukumbini mzee. Nataka kupiga ndege.

Kichwa Ngumu: Ndege za Air Tanzania au ndege wa porini? Kama ni wa porini, manati ni bei rahisi 😂

Kinyonga Mweusi: Wa porini mkuu. Natembeza wageni kwa miguu hifadhi ya Udzungwa, tunaanzia Mang'ula, tunapanda hadi maporomoko ya Sanje. Hondohondo, na hata mbega, vitu hivyo.

Fundi Lenzi: Ungeanzia hapo! Watu wanadhani kamera kubwa ndiyo inayovuta mbali. Kuvuta kunapimwa kwa milimita za lenzi, na ukilinganisha kwa kipimo cha kamera za filamu ya 35mm, 55 kwenye D3500 ni sawa na 82 tu. Hiyo ndogo inafika 100, tena kwa f/2.8 wakati lenzi ya 18-55 iko f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Ila hondohondo juu ya mti atakuwa nukta kwa zote mbili. Mwambie shemeji akutafutie D3500 na lenzi ya 70-300.

Kichwa Ngumu: Au Nikon P900, inavuta hadi 2000. Unahesabu manyoya.

Mzee wa Negativu: Sensa yake kama ukucha wa kidole kidogo. Chini ya miti ya Udzungwa, hata mchana kiza, utapata chengachenga. Na uzito karibu gramu 900, D3500 bila lenzi ni 415. Hapo ndogo ni ipi?

BintiPangani: Jamani, kabla hamjamuongezea lenzi, msikilizeni aliyeumia. Nilinunua DSLR na lenzi mbili, nikaziweka kabatini kwenye begi la ngozi, nyumba iko hatua chache na bahari. Masika yakapita. Siku ya send-off ya mdogo wangu nafungua begi, lenzi ndefu ina ukungu ndani ya kioo, umetambaa kama utando wa buibui. Nafuta, haufutiki, maana uko ndani! Picha zote zikatoka kama bibi harusi amesimama kwenye moshi. Fundi wa kwanza akaifungua, akairudisha na skrubu moja imebaki mezani. Wa pili akacheka. Mama hadi leo ananiuliza albamu iko wapi. Na Udzungwa mvua haziishi.

Fundi Lenzi: Pole dada. Begi la ngozi ndilo lililokuponza, linatunza unyevu. Tumia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kichwa Ngumu: Au mchele mkavu.

Fundi Lenzi: Mchele una vumbi, utaingia kwenye zumu.

Kichwa Ngumu: Unafungwa kwenye soksi, mkuu. Nimefanya hivyo miaka mitatu na kamera inadunda.

Mzee wa Negativu: Enzi zetu tulitumia mchele na filamu haikuoza. Kinyonga, Mang'ula na Ifakara si jirani? Gunia la mchele huko sasa linakwenda bei gani?

Kinyonga Mweusi: Inategemea mzee, mpya bado haujakauka vizuri. Nikuulizie? Ila wakuu, shemeji kapiga simu sasa hivi, yuko dukani, anasema ile D3500 imeshanunuliwa na mtu mwingine.

Kichwa Ngumu: Manati.