Moshi Jikoni kwa Bibi

Kikundi: WATOTO NA WAJUKUU WA BIBI

ALHAMISI

Bupe, 17:51
Mugonile nyote. Shikamooni wakubwa. Nimefika Uyole, hapa Mbeya, salama, Lusajo kanipokea stendi.

Bupe, 17:54
Jana nililala Dodoma, leo alfajiri nikapanda basi la kupitia Mtera na Iringa. Nilipoondoka 2007 njia ile ilikuwa vumbi tupu, tulishuka Dodoma kope nyekundu. Leo ni lami. Pale kwenye milima ya Nyang'oro baridi ikaanza kuingia dirishani, na moyo nao ukaanza kwenda mbio. Kutoka pale sikusinzia tena. Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, nilikuwa nayahesabu kama mtoto.

Shangazi Mkubwa, 18:02
Marahaba mwanangu. Mungu ashukuriwe. Huku Mbagala nimeshinda na simu mkononi. Umekula?

Lusajo, 18:05
Shikamoo shangazi. Yuko mezani, mama watoto kapika viazi na maharage. Anatetemeka huyu, Mwanza imemharibu. Nimempa koti langu.

Tumpe, 18:09
Dada pole na safari. Ulipopita Makambako nilikuwa sokoni Njombe, nikasema moyoni dada yangu sasa hivi yuko saa moja na mimi. Kesho ukifika nyumbani tuma picha zote, hata za majani.

Baba Mdogo, 18:30
Karibu nyumbani Bupe. Kesho ukifika usishtuke. Ile nyumba ya Bibi yenu imeisha. Niliiona mwenyewe mwezi wa tatu. Mbao zimeliwa na bungua, ukungu umepanda mpaka darini. Nisaidie jambo moja tu, hesabu bati zilizo nzima. Nimepata mtu anazitaka pamoja na milango, ameshatanguliza laki tatu. Jumanne fundi anapanda kuezua.

Tumpe, 18:33
Kuezua? Jumanne hii?

Tumpe, 18:34
Baba mbona hatukukaa?

Baba Mdogo, 18:41
Tukae na nani mwanangu? Mko Mwanza, Njombe, Dar es Salaam. Mimi ndiye niliye karibu, napanda kutoka Kyela kwa nauli yangu. Ukuta wa choo ulianguka masika yaliyopita. Ule wa nyumba ukimwangukia mtoto wa watu, nitakayeitwa kwa mwenyekiti wa kijiji ni mimi.

Shangazi Mkubwa, 18:50
Tusivutane kwenye simu. Mtoto amesafiri siku mbili, alale. Kesho ataona kwa macho yake, atatuambia.

IJUMAA

Bupe, 10:12
Tumetoka Uyole na mvua, tumepita Isyonje ukungu mtupu, gari zinawasha taa saa tatu asubuhi. Nimeshuka Katumba, napanda boda njia ya Mwakaleli. Mlima Rungwe umejificha wote. Lusajo ameniambia usisubiri ufunguke, utasubiri mpaka Agosti.

Bupe, 11:03
Hapa kwenye kona ya kanisa nimemwambia kijana asimamishe pikipiki, nimalizie kwa miguu. Jamani kahawa iko wapi? Ule mteremko wote wa Babu ulikuwa kahawa. Sasa ni parachichi, mistari kwa mistari, hata kwa majirani. Migomba tu ndiyo imebaki pale pale.

Lusajo, 11:10
Aina ya Hass hizo dada. Wanunuzi wanafuata mpaka shambani. Kahawa watu waliing'oa kidogo kidogo, bei ilikuwa inawavunja moyo.

Bupe, 11:16
Naona bati la nyumba.

Bupe, 11:17
Kuna moshi.

Tumpe, 11:17
Moshi wa nini?

Bupe, 11:18
Jikoni kwa Bibi. Unatoka juu ya ukuta, pale pale ulipokuwa unatokea.

Baba Mdogo, 11:20
Usiingie peke yako! Kama kuna mtu kavamia, mwite balozi wa nyumba kumi kwanza.

Lusajo, 11:21
Dada subiri. Nampigia mtu wa hapo jirani.

Tumpe, 11:40
Dada?

Tumpe, 11:52
Dada Bupe, jibu basi.

Shangazi Mkubwa, 12:05
Napiga haipokelewi. Lusajo?

Bupe, 12:47
Nisameheni. Nilikuwa nalia, sikuweza kushika simu. Niko salama kabisa. Ni Mama Pacha, yule wa nyumba ya chini, ng'ambo ya kijito. Ndiye aliyewasha moto.

Bupe, 13:15
Acheni niandike polepole niwaeleze vizuri.

Nimemkuta amekaa kwenye kigoda, mgongo kwenye mlango, anapuliza moto. Amezeeka, macho yanamsumbua. Nimebisha hodi, akasema karibu bila kugeuka. Nikamsalimia Kinyakyusa, nikashangaa bado kipo mdomoni. Akageuka akaniangalia sana, akasema, "Wewe ni wa Mwanza. Sauti ni ya bibi yako." Akanipa mkono wenye majivu, wala hakuufuta.

Mama huyu amekuwa akiwasha moto humu kila wiki tangu tumzike Bibi. Nasema tumzike, lakini mnajua sikuwepo. 2019 nilikuwa wodini, mtoto ana siku mbili. Mwaka uliofuata ningeweza kuja, nikaona aibu kwamba sikuzika. Uliofuata tena, aibu imeongezeka. Ndivyo miaka ilivyokwenda, nawaambia ukweli.

Kwa kawaida huwasha Jumamosi. Leo kawahisha kwa sababu kesho ana msiba upande wa mumewe. Nimemuuliza, mama, kwa nini unajitesa? Akasema huku kwetu mvua haiishi, nyumba isiyo na moshi inaoza kama kiazi. Moto wa jikoni ni wa kukausha mianzi ya darini na paa. Ukishatulia anachota makaa kwenye karai, anaingia nayo nyumba kubwa, anaiweka sebuleni, baadaye chumba cha watoto, madirisha wazi, mpaka unyevu utoke. Halafu anafagia, anafunga.

Tumpe, 13:19
Anafunga na nini? Ufunguo si unao wewe, ule wa shangazi?

Bupe, 13:21
Anao wa pili. Bibi alimpa mwenyewe kabla hajapelekwa hospitali. Ameufunga kwenye pindo la kanga. Kufuli analipaka mafuta ya taa, linafunguka kama jipya.

Shangazi Mkubwa, 13:24
Mama hakuniambia kama kuna ufunguo wa pili.

Bupe, 13:30
[picha]
[picha]
Angalieni dari la jikoni. Mianzi imekuwa myeusi inang'aa kama imepakwa mafuta. Nimeigonga kwa kifundo cha kidole, inalia kavu, ko ko. Hayo mahindi yanayoning'inia ni mbegu zake za mwakani, anazikausha kwa moshi huu huu bungua wasiingie. Mafiga ni yale yale matatu, hata lile lenye ufa ambalo Bibi alikuwa analigeuzia ukutani.

Lusajo, 13:33
Shangazi, baba, naomba niseme. Kazi ya kuangalia nyumba niliachiwa mimi. Mara ya mwisho kufika ni miaka miwili iliyopita, nikaishia barabarani, nikaona bati zipo nikageuza pikipiki. Kila mkiniuliza nasema iko vizuri. Nisameheni.

Shangazi Mkubwa, 13:36
Umesema mwenyewe, imetosha.

Baba Mdogo, 13:45
Bupe mimi sikusema uongo. Niliona ukungu kwa macho yangu. Mbao nyeupe, unga unadondoka. Sasa unaniambia nyumba kavu?

Bupe, 13:47
Baba, uliingia ndani?

Baba Mdogo, 13:52
Ufunguo sikuwa nao. Nilichungulia dirisha la nyuma.

Bupe, 14:20
Nimeelewa sasa. Nimetoka kufungua chumba cha Bibi. Dirisha la nyuma ni la chumba hicho.

Baba hukukosea. Chumba kile kimeoza kweli. Ukuta una ukungu wa kijani mpaka usawa wa kifua changu, ubao wa kitanda nimeugusa ukabaki unga kwenye vidole. Kanga zake zilizokuwa kwenye kamba zimeshikana, ukivuta moja zinakuja zote. Harufu imenikaa kooni mpaka sasa.

Nikamuuliza Mama Pacha mbona makaa hakufikisha huku. Akasema, "Chumba cha marehemu huingia wenye marehemu. Nilikuwa nawasubiri nyinyi."

Tumpe, 14:24
Uwiii. Miaka yote hiyo.

Bupe, 14:26
Kutoka mlango wa sebuleni mpaka mlango wa chumba hicho hazifiki hata hatua nne. Huku kukavu, kule kumeoza. Mvua ni moja, bati ni moja. Tofauti ni karai la makaa tu.

Shangazi Mkubwa, 14:31
[ujumbe wa sauti, dakika 2:08]

Tumpe, 14:40
Kwa ambao hamna bando, shangazi anasema hivi. Mama Pacha alipojifungua wale mapacha, yeye shangazi alikuwa msichana wa shule ya msingi. Zamani hizo kwetu mapacha walikuwa wanaogopwa, watu walidhani watavimba miguu wakikaribia, hata ndugu wa mume walikaa mbali mpaka dawa zifanywe. Yule mama alikuwa peke yake na watoto wawili na mvua ya Aprili. Bibi akavuka kijito na kijinga cha moto kwenye kigae, akamwashia jikoni, na akaenda kila siku karibu miezi mitatu. Watu wakamsema sana kanisani na kisimani. Shangazi anasema alikuwa anatumwa kubeba kuni nyuma yake, naye alikuwa anaogopa, anazitupa mlangoni anakimbia.

Bupe, 14:44
Ndiyo. Na mimi ameniambia, lakini kwa maneno machache. Alisema, "Bibi yako alinipa moto, mimi nimeurudisha."

Lusajo, 14:46
Wale mapacha mmoja ndiye aliyenifundisha kuendesha pikipiki. Sikuijua hii habari.

Bupe, 15:10
Baba, naomba kwa heshima yote tusiezue Jumanne. Siombi kwa ajili ya machozi. Nimezunguka nyumba nzima na fundi wa hapa. Kuta za mbele nzima, sebule nzima, chumba cha watoto kizima, paa limeoza upande mmoja tu, juu ya chumba cha Bibi. Kuna mbao tano za kubadilisha na bati mbili zenye kutu. Choo kijengwe upya. Laki tatu za yule mtu nitatuma leo jioni arudishiwe, isiwe deni lako. Ya mbao na choo tuchange.

Tumpe, 15:12
Mimi naleta mbao. Huku Njombe mbao siyo shida, nitapakia kwenye lori la viazi linalorudi Mbeya tupu.

Lusajo, 15:13
Kutoka Uyole mpaka kijijini kuzifikisha ni juu yangu. Na kazi ya mikono ni yangu, fundi alipwe wa paa tu.

Tumpe, 15:20
Baba yuko kimya.

Shangazi Mkubwa, 15:22
Mwacheni. Ni nyumba ya mama yake.

Baba Mdogo, 16:58
Nilikuwa shambani, kakao inaanza kuiva.

Baba Mdogo, 17:06
Nimempigia yule mtu. Amekasirika kidogo lakini ni muungwana, anataka hela yake basi. Bupe usitume yote, tuma nusu, nusu ni yangu. Mimi ndiye niliyeipokea.
Na niwaambie kitu. Mwezi wa tatu pale dirishani nilipoona kitanda cha mama kimekuwa vile, sikutaka kuzunguka mbele. Niliondoka mbio. Nikaona bora nyumba isiwepo kabisa kuliko kuiona hivyo. Ningezunguka, ningemkuta yule mama au ningeona majivu.

Shangazi Mkubwa, 17:10
Kaka, ndaga fijo. Asante sana.

Bupe, 17:15
Baba, na mimi niliondoka mbio miaka 18. Tumefanana.

Tumpe, 17:19
Mama Pacha tumpe nini? Hela?

Bupe, 17:24
Nimejaribu, nimekoswa kofi. Akasema moto hauuzwi. Lakini nimeona blanketi lake limebaki nyuzi, na kuni anabeba mwenyewe kichwani, umri ule, kwenye utelezi.

Tumpe, 17:26
Blanketi mbili nzito zinapanda basi la kesho asubuhi, konda namjua. Lusajo zipokee Uyole.

Lusajo, 17:28
Sawa. Na kuni kila mwisho wa mwezi, pikipiki moja kwake, moja jikoni kwa Bibi. Safari hii nitapiga picha nikiwa ndani, siyo barabarani.

Shangazi Mkubwa, 17:35
Bupe, chumba cha mama. Ingieni wenyewe, kama alivyosema. Kanga zitakazofulika fua, moja mpe yeye. Ile ya zambarau usiigawe, nitaifuata mwenyewe Desemba nikijaliwa.

JUMAMOSI

Bupe, 15:40
[picha]
Mama Pacha yuko msibani, kaniachia zamu. Nimehangaika karibu saa nzima, kuni zina maji, nimetumia maganda ya mahindi mpaka yakashika. Macho yanawasha. Nimechota makaa kwenye karai, sebuleni nimepitisha tu. Nimeingia nayo kwa Bibi. Nimefungua dirisha la nyuma, lile la Baba, limegoma mpaka nilipoligonga na jiwe. Sasa nimekaa sakafuni mlangoni naangalia ukuta. Unatoa jasho. Maji yanatiririka kabisa, kama mtu aliyekuwa na homa.

Baba Mdogo, 15:58
Usifunge dirisha mpaka ukuta uache kutoka maji. Na karai usiliweke karibu na kitanda.

Baba Mdogo, 16:01
Niko Tukuyu, nasubiri gari la kwenu. Nina mchele na usipa. Ufunguo wako utanipa mimi ukiondoka, ule wa Mama Pacha abaki nao.