Wiki 6 za medisini: PGH Nakuru, Russia Kisumu ama Moi Eldoret?

KijanaWaKaptembwo
Wadau habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari, natafuta mahali pa kufanya wiki 6 za medisini, yaani wodi za watu wazima, upasuaji hapana. Nimebaki na hospitali tatu za rufaa: PGH ya Nakuru, Russia ya Kisumu na Moi ya Eldoret. Barua inafaa kutoka kabla ya Ijumaa. Iliyo bora ni gani? Darasani kila mtu anavutia kwao.

SistaWaZamu
Bora kwa nini sasa? Kwa kufunzwa, kwa kushika kazi, ama kwa kulala vizuri? Unasomea wapi, utakaa kwa nani, na umeshafanya medisini mara ngapi? Watu huuliza hivi nusu nusu halafu wiki ya pili nawakuta wakilia kwa korido.

OmeraKondele
Russia. Swali limeisha. Malaria yenyewe, ile inapanda kichwani. Selimundu utaitambua mgonjwa akiwa bado mlangoni. Kifua kikuu, HIV imefika ubongo, kichocho cha watu wa ziwa, ini limeshaharibika mtu anatapika damu beseni nzima. Wanafunzi wa Maseno wako hapo kila siku kwa hivyo hakuna mtu anashangaa kuona koti fupi. Na jioni ni samaki.

FailiNyekundu
Omera umeanza na samaki wako. Kijana kama unataka kuwa fizishani, yaani daktari bingwa wa medisini, nenda Moi. Wale wa Indiana University ya Marekani wamekuwa pale tangu 1989, mradi wao wa AMPATH ukaja 2001 wakati UKIMWI unamaliza watu, leo wanashughulikia mpaka kisukari na presha huko vijijini. Wagonjwa wanatumwa kutoka Turkana mpaka Busia. Raundi ya pale ni darasa, unaulizwa kwa nini mpaka unasahau jina lako.

OmeraKondele
Na atashika mgonjwa saa ngapi? Mbele yake kuna konsaltanti bingwa, kuna rejistra anayesomea ubingwa, kuna intani wa mwaka wa kwanza kazini, halafu wanafunzi wenyewe wa Moi. Yeye atasoma migongo ya makoti.

FailiNyekundu
Kusikiliza ni nusu ya medisini ndugu yangu. Branula, ile sindano ya mshipa, utaweka popote.

NakuruNiKwetu
Mbona Nakuru mnairuka kama stendi ya usiku? Chuo cha Egerton wanafundishia hapo miaka mingi. Baringo yote inateremka, kala azar, kuumwa na nyoka, vitu ambavyo huko ziwani mnaona kwa picha tu. Malaria ya Nakuru ni kweli mara nyingi ni ya mtu amesafiri, lakini hiyo yenyewe ni somo, kwa sababu ukisahau kumuuliza mgonjwa ametoka wapi utatibu homa wiki nzima ukipapasa.

OmeraKondele
Nakuru mnaonekana kwa meno ya kahawia 😂

NakuruNiKwetu
Ni floridi ya maji, na meno yenyewe hayaozi ovyo. Turudi kwa mada.

DaktariMzeeKidogo
Kijana wacha nikuambie kitu kilinipata nikiwa mwaka wa sita. Hospitali sitaitaja, jueni tu si mojawapo ya hizo tatu. Niliichagua kwa sababu wenzangu walisema pale unaachiwa wodi. Na kweli niliachiwa. Konsaltanti nilimwona Jumanne mbili kwa wiki tano, intani alikuwa mmoja wa wodi mbili, kwa hivyo machoni pa wagonjwa daktari ni mimi, nikapita hapo kifua mbele, naandika, nabadilisha dawa, sahihi naomba baadaye. Usiku mmoja akaletwa msichana wa miaka 19, kisukari, anapumua kwa nguvu kama ametoka kupanda mlima, mdomo unanuka matunda yaliyoiva sana, ketoni za mkojo misalaba mitatu, mashine ya sukari inaandika HI peke yake. Nilijua ni DKA, yaani sukari imepanda mpaka damu imegeuka asidi, nilikuwa nimeisoma juzi. Maji nikaweka, lita ya kwanza saa moja. Insulini nikaandika. Potasiamu je? Lebu imeishiwa dawa ya mashine, majibu ni asubuhi. Sasa hapa kila mtu anajua insulini inasukuma potasiamu iingie ndani ya seli, na huyu mtoto ametapika siku tatu. Mimi nilikuwa naona sukari tu. Kulikuwa na sista mmoja mtu mzima, hakunigombeza, aliniuliza tu polepole, daktari, potasiamu umeiona? Nikamwambia tunangoja. Akasema basi na insulini nayo ingoje. Akaenda wodi ya pili akaleta ECG, mashine ya kuchora mapigo ya moyo, waya mmoja umefungwa na plasta. Mawimbi ya T yamelala kabisa, ya U yameota kando yake, ndiyo alama ya potasiamu kuwa chini. Intani nilimpigia mara saba hashiki, ya nane akaja na malapa. Damu ikapelekwa mjini na boda, na pesa ikatoka kwa mfuko wa huyo sista. Potasiamu 2.6. Msichana aliponea hapo, akaenda nyumbani siku ya tisa. Mimi mwezi mzima nilikuwa naamka usiku. Na kwa fomu yangu ya kumaliza waliandika neno moja: anajitegemea.

SistaWaZamu
Na pesa ya sista?

DaktariMzeeKidogo
Nilimrudishia nikipata mshahara wa kwanza wa intani. Alisema amesahau. Sidhani alikuwa amesahau.

MsomaMwongozo
Lakini daktari, si potasiamu ikiwa chini ya 3.3 insulini haianzi? Hiyo ni ukurasa wa kwanza.

FailiNyekundu
3.3 ni ya Wamarekani ya 2009. Ule mwongozo walitoa na wenzao wa Ulaya 2024 ni 3.5.

MsomaMwongozo
Kwa mtihani wetu bado ni 3.3.

OmeraKondele
Na mgonjwa ako na 2.6, nyinyi mnagombania desimali.

DaktariMzeeKidogo
Point yangu ni kwamba asitafute tu mahali ataachiwa. Mwanafunzi mkubwa anafaa kupewa wagonjwa wanne watano wawe wake, awaklaki mwenyewe, yaani awaulize na kuwapima, mpango auandike yeye, asimame kwa raundi autetee, afuate majibu lebu, jioni awakabidhi kwa mtu wa zamu kwa mdomo si kwa karatasi iliyokunjwa. Lakini kila alichoandika kuna mwenye leseni anasoma kabla dawa haijaingia kwa mshipa. Kijana piga simu wodini, usipige ofisini. Uliza intani, jana usiku ulimwita nani na alikuja baada ya dakika ngapi. Ukipata jibu la hiyo hutahitaji sisi.

SistaWaZamu
Na usalimie manesi ukiingia. Nimeona wanafunzi wanatusalimia siku ya kutafuta sahihi tu.

KijanaWaKaptembwo
Asanteni sana wakubwa. Nilisahau kusema nasomea Kampala, kwetu ni miaka mitano. Nakuru niko na shangazi Section 58, kulala na kula ni bure. Kisumu na Eldoret sina mtu. Pia fomu yetu inataka sahihi ya fizishani, ya medikali ofisa, daktari asiye bingwa, haikubaliki.

SistaWaZamu
Hayo yote ndio unatoa saa hii??

FailiNyekundu
Kampala!! Basi hiyo barua ya Ijumaa iwe na ya mkuu wa kitivo chako, na uulize ada ya mwanafunzi wa nje kabla hujapanda gari. Moi bado nasema ndio, mafizishani wamejaa, sahihi hutatafuta.

NakuruNiKwetu
Kitanda cha bure wiki 6 na bado mnamwambia Eldoret. Huyu mtu atakuwa anaingia zamu ya usiku, mnataka atembee kutoka wapi saa tano?

MsomaMwongozo
Na mgomo wa madaktari msisahau. 2024 ulianza Machi 14 ukaisha Mei 8, siku 56, binamu yangu alikuwa katikati ya medisini, alikaa nyumbani akalisha kuku.

OmeraKondele
Ule ulikuwa wa pesa ya intani, serikali ilitaka kuwalipa 70,000 kwa mwezi mahali pa 206,400. Nani angekubali.

MsomaMwongozo
By the way mbona inaitwa Russia? Nilidhani ni jina la mtaa.

OmeraKondele
Walijenga watu wa Soviet. Kenyatta alikuja kuifungua Oktoba 1969, na yaliyotokea siku hiyo uliza mzee yeyote wa Kisumu, lakini umkalishe kwanza.

KijanaWaKaptembwo
Nimepiga Nakuru na Kisumu. Nakuru intani alishika akasema yuko raundi nipige jioni. Kisumu nimeongea na mmoja dakika kumi, amesema jana usiku aliita rejistra akaja kabla chai haijapoa. Sasa shangazi naye ameshanunua godoro.

NakuruNiKwetu
Godoro limeongea.

OmeraKondele
Godoro linabebwa kwa matatu.

SistaWaZamu
Jioni umpigie huyo wa Nakuru kweli. Raundi ya kufika saa kumi na mtu hajakata simu yako ni kitu nzuri pia.

MsomaMwongozo
Nikiwa hapo, kuna mtu anauza stethoskopu ya Littmann Classic III iliyotumika? Isiwe imekatika mpira.