DOSBox: mashine tatu kwenye Wi-Fi moja, Doom na Duke3D hazionani

mutoto_wa_himbi (Goma)

Jambo wakubwa. Kuko mashine tatu hapa: laptopu mbili za Windows 10 (A na B, zote za Kifaransa, biti 64) na PC moja ya Linux Mint. Zote zina DOSBox 0.74-3 (programu inayoendesha michezo ya zamani ya DOS). Ruta hakuna, mtandao ni hotspot ya simu. Shabaha ni Doom 1.9 kwa watu watatu, kisha Duke Nukem 3D.

Hali iko hivi:

- ipx=true (inawasha IPX, njia ya zamani ya mtandao ambayo michezo hii inatumia) imewekwa kwenye mashine zote tatu.
- A: `ipxnet startserver`. Inasema seva imeanza.
- B: `ipxnet connect 192.168.56.1`. Inangoja kidogo, kisha inasema imeshindwa kuunganika. Mint vilevile.
- Mint ikifanywa seva, seva yenyewe inakataa kuanza.

B ina 192.168.43.87, Mint ina 192.168.43.140. Ping ya B kwenda Mint inapita, ya B kwenda A haipiti kabisa. Siku ya kwanza pare-feu (firewall) ya A iliuliza swali, ikajibiwa "Annuler". Kosa liko wapi? Ao ni kwa sababu Windows 10 haina tena IPX?

kasapa_lan (Lubumbashi)

IPX ya Windows isikusumbue. Microsoft waliiondoa tangu Vista, na DOSBox haiihitaji. Inachukua pakiti za IPX zinazotoka kwenye mchezo, inazifunga ndani ya UDP na kuzipitisha juu ya IP ya kawaida. Ndiyo maana DOSBox inasikilizana na DOSBox tu. PC ya zamani yenye DOS halisi na kadi yake ya mtandao haitaiona hata ukizichomeka kwenye swichi moja.

Una makosa matatu yaliyopandana, na ukirekebisha moja tu hutaona mabadiliko yoyote.

La kwanza ni adresi. 192.168.56.1 si ya hotspot. Hiyo ndiyo adresi ambayo VirtualBox hujiwekea kwenye kadi yake ya bandia. B na Mint ziko 192.168.43, basi na A lazima ianze hivyo hivyo. Kwenye A fungua "Invite de commandes", andika `ipconfig`, teremka hadi "Carte réseau sans fil Wi-Fi" na usome "Adresse IPv4" ya hapo. Usichukue ya juu kwa sababu imetangulia. Ukikuta 169.254, simu haijampa adresi: katisha Wi-Fi, unganisha tena.

La pili ni hiyo "Annuler", na hapa ndipo wengi wanapopoteza jioni nzima. Ukibonyeza Annuler, Windows haiachi mambo kama yalivyo: inaandika sheria za kuzuia dosbox.exe. Na kwenye pare-feu ya Windows, sheria ya kuzuia inaishinda ya kuruhusu. Kwa hiyo unaweza kufungua porti unazotaka, bado hakuna kitakachopita. Bonyeza Windows+R, andika `wf.msc`, ingia "Règles de trafic entrant", tafuta kila mstari wa dosbox wenye alama nyekundu, ufute. Huwa ni miwili, wa TCP na wa UDP. Baada ya hapo fungua Invite de commandes kama administrateur:

`netsh advfirewall firewall add rule name="DOSBox IPX" dir=in action=allow protocol=UDP localport=19900`

Sheria iliyoandikwa hivyo inafanya kazi mtandao ukiwa "Public" au "Privé", huna haja ya kubadilisha. Na ile ping isiyopita kwenda A haithibitishi kitu. Windows ikiwa "Public" kwa kawaida haijibu ping, hata kama UDP yako iko wazi.

La tatu ni porti. Usipotaja porti, DOSBox inatumia 213. Kwenye Linux, porti zilizo chini ya 1024 ni za root peke yake, ndiyo sababu Mint ilikataa kuwa seva. Usiende kuifungua DOSBox kwa sudo, taja tu porti ya juu. Mashine inayojiunga haina shida hiyo.

Basi:

A: `ipxnet startserver 19900`
B na Mint: `ipxnet connect 192.168.43.x 19900` (weka adresi uliyoisoma kwenye A)

A haihitaji kujiunga, startserver inamwingiza mwenyewe. Kisha kwenye mashine yoyote andika `ipxnet ping`. Zile nyingine mbili lazima zijibu pamoja na muda wa milisekunde. Zikijibu, mtandao umekwisha, usiuguse tena. Kitakachobaki ni mambo ya mchezo. Na dirisha la DOSBox la A lisifungwe, likifungwa wote wanaanguka.

mutoto_wa_himbi

Aksanti sana yaya. A kumbe ni 192.168.43.21. Sheria za kuzuia zilikuwa mbili kweli, zimefutwa. B na Mint zimeingia, `ipxnet ping` inaonyesha zote kati ya ms 4 na 9.

Sasa matatizo mapya. B ina kibodi ya AZERTY, ndani ya DOSBox herufi zinatoka ovyo, nukta ya adresi inapatikana kwa kubahatisha. Doom inafunguka kwa wote watatu, dakika moja hivi halafu "consistency failure" na namba mbili, inatoka. Na hiyo dakika moja yenyewe ni nzito, kama kutembea kwenye matope.

katindo_hw (Goma)

Kuhusu kibodi: DOSBox yako inaisoma kama QWERTY ya Marekani. Andika `keyb fr`. Herufi zake zote sita zina bahati ya kukaa palepale kwenye kibodi zote mbili, kwa hiyo utaweza kuiandika. Ili isikurudie kila siku, fungua "DOSBox 0.74-3 Options" kwenye menyu ya Windows na chini ya [dos] weka `keyboardlayout=fr`.

Ukikwama kabla ya hapo: tarakimu bila Shift; nukta ni kitufe cha `:`; nukta mbili ni Shift na M; mstari wa nyuma `\` ni kitufe cha `*`; kistari ni kitufe cha `)`. Herufi m yenyewe iko kwenye mkato.

Ila mimi nisingeandika amri hizi kwa mkono kila mara. Zitie mwishoni mwa faili hilohilo, kwa Bloc-notes:

```
[autoexec]
mount c C:\michezo
c:
ipxnet connect 192.168.43.21 19900
```

Kwa Mint mount ni `mount c ~/michezo`. Angalia jambo moja: hotspot inagawa adresi upya, kesho A inaweza kupewa nyingine. Kabla ya kulaumu DOSBox, rudia ipconfig.

kasapa_lan

"Consistency failure" si mtandao. Doom haitumi mahali ulipo wala risasi zako, inatuma vitufe ulivyobonyeza tu, mara 35 kwa sekunde, na kila mashine inajipigia hesabu ya dunia nzima peke yake. Faili zikitofautiana hata kidogo, hesabu zinaachana: kwa A umesimama mlangoni, kwa B uko nyuma ya ukuta. Mchezo unalinganisha, unaona hazilingani, unatoka. Zile namba mbili ndizo hesabu zilizogongana.

Toleo tofauti la Doom hukataliwa mapema kabisa, hata mchezo hauanzi. Toleo moja lenye WAD (faili yenye ramani na picha za mchezo) tofauti ndilo linaloingia, likaja kuvunjika baadaye. Linganisha:

Windows: `certutil -hashfile DOOM.WAD MD5`
Mint: `md5sum DOOM.WAD`

Fanya hivyo pia kwa DOOM.EXE. Mistari lazima ifanane herufi kwa herufi. Njia fupi ni kufuta folda kwenye B na Mint, kisha kunakili ya A nzima kwa flash. Ukiongeza WAD ya ziada kwa -file, wote waiongeze, na kwa mpangilio uleule.

Kuanzisha: kila mmoja ndani ya folda ya Doom anaandika `ipxsetup -nodes 3`. Namba 3 iwe moja kwa wote, la sivyo mmoja atangojea mtu asiyekuja. Mwisho wa Doom ni watu 4.

Uzito sasa. Kwa sababu ya hizo hesabu za pamoja, hakuna anayeruhusiwa kutangulia: wote wanangoja aliye nyuma. Mashine moja dhaifu inawavuta wote. Usiache `cycles=auto` (cycles ni kasi ya prosesa ambayo DOSBox inaiga) kwenye mchezo wa mtandao. Chini ya [cpu] weka:

```
core=dynamic
cycles=fixed 25000
```

25000 ni karibu na 486 DX2 ya 66 MHz, Doom inatosheka. Anza na mashine dhaifu kuliko zote: ukiwa ndani ya mchezo, Ctrl+F12 inapandisha, Ctrl+F11 inashusha, namba inaonekana juu ya dirisha. Sauti ikianza kukatika-katika, umepita uwezo wa mashine hiyo. Rudi nyuma kidogo, chukua namba hiyo uwape wote.

Tazama pia `priority` chini ya [sdl]. Ikiwa sehemu ya pili ni pause, mtu akihamia dirisha lingine DOSBox yake inalala na wengine wote wanaganda. Iwe `higher,normal`.

kadutu_net (Bukavu)

Naongeza upande wa hotspot. Mchezo huu hautumii mega hata moja, pakiti zinazunguka kati ya simu na mashine tu. Zima "données mobiles" kwenye simu, la sivyo Windows itajiletea masasisho yake na kumaliza forfait wakati nyinyi mnapigana. Ila kuna mtego: Windows ikiona "Pas d'Internet" inaweza kukimbilia Wi-Fi nyingine inayoifahamu, na mchezo ukakatika katikati. Kwenye hizo Wi-Fi nyingine ondoa alama ya "Se connecter automatiquement".

Siku mkihamia ruta, na kila mtu ana adresi nzuri lakini hakuna anayemwona mwenzake, tafuta "AP isolation" ndani ya mipangilio ya Wi-Fi ya ruta, uizime. Kazi yake ni hiyo hasa, kuzuia mashine za Wi-Fi zisionane.

Mimi lakini ningeweka waya. Milisekunde 4 hadi 9 ni nzuri, tatizo la Wi-Fi ni ile moja inayoruka hadi 200, na kwa Doom mruko wa mmoja ni kuganda kwa wote. Swichi ya tundu 5 inatosha. Swichi nyingi ndogo hizi zinakula volti 5, kwa hiyo umeme ukikatika unaweza kuilisha kwa power bank, kwa waya wa USB wenye ncha ya duara. Soma kwanza maandishi ya chini yake: ikiwa 9V au 12V, usithubutu. Hakuna simu wala ruta ya kugawa adresi, basi ziandike kwa mkono: 192.168.10.1, .2, .3, na masque 255.255.255.0 kwa wote. "Passerelle" iache wazi.

Na laptopu ikiwa kwenye betri, zima "Économiseur de batterie". Inapunguza mwendo wa prosesa na hizo cycles 25000 hazifikiwi tena.

katindo_hw

Kwa Doom peke yake kuna njia isiyo na DOSBox: Chocolate Doom. Mint ni `sudo apt install chocolate-doom`. Inasoma WAD ileile, inatumia UDP porti 2342. Mmoja anaanzisha kwa `-privateserver`, wengine kwa `-autojoin` na inaitafuta seva yenyewe bila adresi. Pare-feu ya Windows itauliza tena, na safari hii msibonyeze Annuler!

kasapa_lan

Kwa Doom nakubali. Kwa Duke bado atarudi DOSBox. Huko, IPX ikishaungana, pita SETUP.EXE, chagua "Network Game", weka idadi ya wachezaji. Inayoungana nyuma ni COMMIT.EXE. Toleo 1.3d na Atomic 1.5 hazichezi pamoja, na DUKE3D.GRP pamoja na faili za .CON lazima zifanane kama WAD. Mtu aliyechezea USER.CON kuongeza risasi zake ataleta "out of sync". Duke ni mzito kuliko Doom: baki 320x200, panda hadi 40000 au 50000 kama mashine dhaifu inaweza.

mutoto_wa_himbi

WAD ya Mint ilikuwa tofauti kweli. Folda imenakiliwa upya. cycles=fixed 22000 kwa wote, Mint haiwezi zaidi ya hapo, sauti inakatika. Doom imepita E1M1 hadi E1M4 (ramani nne za kwanza) bila kutoka. Duke kesho, kwa waya. Swichi iliyopo imeandikwa 5V 0.6A.