Tupeane uzoefu: visikizi visivyo na waya vya kila siku, unachagua vipi hapa Nairobi?

Mwanzilishi wa uzi
Wadau, kila wiki lazima mtu aulize "ninunue airpods gani", na mtaani jina hilo sasa ni la kila kisikizi kisicho na waya, kiwe cha Apple chenyewe au kile cha mia sita pale barabara ya Luthuli. Majibu nayo ni yaleyale: "zangu ni moto", basi. Hapa tuweke yanayopimika. Unaangalia nini kabla ya kulipa, kipi huharibika kwanza, na kwa nini. Hadithi za nani alipokonywa chake dirishani pa matatu tuziachie uzi mwingine. Nafikiria matumizi ya kawaida: saa moja na nusu barabarani asubuhi, simu za kazi mchana, muziki jioni.

Fundi wa Luthuli
Naanza na betri, maana ndiyo inayofupisha maisha ya visikizi vingi kuliko kitu kingine.

Kisikizi kimoja kina betri ndogo, mara nyingi kati ya mAh 30 na 60 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri). Kipochi cha kawaida cha kuvichajia kina mAh 300 hadi 500. Sasa ukiona boksi limeandikwa mAh 2,000 na kipochi chenyewe ni chepesi kama kiberiti, jua namba hiyo ni pambo. Betri ya lithiamu ya mAh 2,000 peke yake ina uzito wa gramu 35 hadi 45, kabla hujaweka plastiki, bodi na visikizi vyenyewe. Kishike tu mkononi utajua.

Hesabu ni hii. Chukua kipochi cha mAh 400 na visikizi viwili vya mAh 40, yaani 80 kwa jozi. Umeme ukitoka kipochini kwenda kwenye kisikizi, robo hivi au zaidi kidogo hupotea kama joto, kwa hiyo kinachofika ni kama 290. Gawa kwa 80, unapata kujaza mara tatu na nusu. Kisikizi kikicheza saa 5, jumla ni saa 22 hivi. Boksi likisema saa 60 kwa betri hizohizo, muuzaji akueleze saa nyingine zinatoka wapi.

Na saa za kwenye boksi kwa kawaida hupimwa sauti ikiwa nusu na ANC, yaani kifuta kelele, ikiwa imezimwa. Ukiwasha ANC, toa sehemu nzuri ya hizo.

Baada ya kuchajiwa mizunguko 300 hadi 500 betri hizi hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa hiyo cha saa 3 kikiwa kipya kitakusumbua mapema sana, wakati cha saa 7 kitapungua na bado kikufikishe jioni. Mimi hutazama saa za kisikizi chenyewe kwanza. Za kipochi baadaye.

Abiria wa Rongai
Fundi amemaliza ya betri. Mimi naongeza vipira, vile laini vinavyoingia sikioni, kitu ambacho watu hutupa pamoja na boksi.

Ndani ya boksi kuna saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Ile ya kati ndiyo imeshavalishwa, na wengi huishi nayo milele hata kama si yao. Jipime hivi: weka wimbo wenye besi nzito, kisha sukuma kisikizi ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla ulipobonyeza, kipira ni kidogo, hewa inavuja. Kipimo cha pili ni kuongea. Sikio likiwa limeziba vizuri, utasikia sauti yako ikivuma ndani ya kichwa kama uko ndani ya tangi la maji. Usisahau kwamba masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka saizi tofauti, kushoto ya kati na kulia kubwa. Hakuna sheria inayokataza.

Wakati wa kuvaa, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu kidogo, ingiza kisikizi, kisha kizungushe kuelekea nyuma. Kikianguka ukitafuna chapati, badilisha saizi kabla ya kulaumu kampuni.

Vile visivyo na kipira kabisa, vinavyokaa tu mlangoni mwa sikio, ni vizuri nyumbani na ofisini kwa sababu havichoshi. Ndani ya nganya, matatu yenye muziki mkubwa, havifai. Kelele yote inaingia, unapandisha sauti mpaka mwisho, na jirani yako wa kiti ndiye anasikiliza muziki wako.

Sikio Zima
Hapo kwa kupandisha sauti niweke namba. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unagawanywa kwa mbili: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, na 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi, sauti ikiwa juu, saa 4 umezimaliza Jumanne asubuhi. iPhone hukuonyesha kiwango cha desibeli wakati muziki unacheza. Simu kadhaa za Android pia zina onyo lake. Kwa watoto kiwango ni 75.

Muuzaji wa Stoli
Nitasema kitu wenzangu wa biashara hawatapenda. ANC na ENC si kitu kimoja, na hapa mjini ENC inauzwa kila siku kama ANC.

ENC ni ya simu. Husafisha kelele kwenye maikrofoni ili yule unayempigia akusikie. Wewe mwenyewe haikupunguzii chochote masikioni. ANC ndiyo inayosikiliza kelele ya nje na kutoa sauti kinyume chake ili iifute kabla haijakufikia. Njia rahisi ya kujua: omba uiwashe na kuizima ukiwa umevaa, bila muziki, mlangoni pa duka. Kama hakuna kitufe cha kuizima wala mtetemo wa mabasi haupungui, hiyo ni ENC, rudisha bei chini.

Abiria wa Rongai
Na hata ANC ya kweli isikuzwe kupita kiasi. Inafuta vizuri mivumo ya chini isiyobadilika, kama injini, jenereta au feni. Kwa sauti nyembamba, kuanzia kilohezi 1 kwenda juu, kazi ni ya kipira zaidi kuliko ya ANC. Makanga akipiga kelele "beba, beba", utamsikia tu. Na spika za nganya zikiwa zimefunguliwa hakuna kisikizi kitakachoshinda, kwa hiyo kama njia yako ni hiyo, pesa ya ANC iweke kwenye vipira vizuri na betri.

Mpokea Simu
Nani ana ujuzi wa mikutano kwenye laptopu? Visikizi vyangu vya muziki ni safi, lakini mkutano ukianza kila kitu kinakuwa kama redio ya mbao.

Fundi wa Luthuli
Hakuna kilichoharibika, dada. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili. Njia ya muziki ni ya sauti pana na ya upande mmoja tu, haibebi maikrofoni. Laptopu ikiomba maikrofoni ya kisikizi, inahamia njia ya simu, ambako sauti inakuwa moja kwa masikio yote mawili na inapimwa kwa kilohezi 8 au 16 tu. Dawa: ingia mipangilio ya sauti ya programu ya mkutano, kwenye maikrofoni chagua ile ya laptopu, kwenye spika acha kisikizi. Sauti inarudi palepale. Hasara ni kwamba maikrofoni ya laptopu itabeba pia mlio wa kibodi.

Kama unarukaruka kati ya simu na laptopu siku nzima, uliza kama kinaunganishwa na vifaa viwili kwa wakati mmoja. Bila hiyo utakuwa unakata na kuunganisha upya mara kumi kwa siku.

Kwa simu za barabarani, vyenye kijiti kinachoelekea mdomoni kwa kawaida huchukua sauti vizuri kuliko vya mviringo. Usijaribu maikrofoni kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu mara nyingi unarekodiwa na maikrofoni ya simu yenyewe, siyo ya kisikizi. Piga simu ya kweli, simama barabarani penye upepo, ongea dakika moja, na umuulize wa upande wa pili.

Mchezaji wa Usiku
Wa michezo: sauti ya Bluetooth huchelewa. Kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya kawaida ya SBC, ambayo kila kisikizi kinayo, ni kama milisekunde 150 hadi 250. Kwenye video huoni, kwa sababu programu huchelewesha picha ili zilingane. Kwenye gemu hakuna wa kukuchelewesha adui, risasi inasikika baada ya kufa. Jaribio la dukani: washa mlio wa kibodi ya simu, andika harakaharaka. Mlio ukifuata kidole kwa mbali, tafuta chenye hali ya gemu au utumie waya.

Kuhusu LDAC, kodeki ya sauti ya ubora wa juu: ni ya Android, kuanzia toleo la 8.0. iPhone haina, yenyewe inaishia AAC. LDAC ina ngazi tatu, 330, 660 na 990 kilobiti kwa sekunde. Ile 990 ni tamu chumbani. Pita nayo pale Archives katikati ya jiji saa kumi na mbili jioni, watu mia na vifaa vyao vyote wanapigania masafa ya gigahezi 2.4, utasikia imekatika vipande. Shusha hadi 660. Na kama unasikiliza YouTube tu, usilipe hata shilingi kwa ajili yake.

Jingine, mwili wako umejaa maji na maji humeza masafa hayo. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na kisikizi kinakatika, ihamishie mfuko wa mbele au wa shati kabla hujarudisha dukani.

Muuzaji wa Stoli
Mvua za masika zinaleta wateja wengi kwangu kuliko Krismasi. Someni alama za kuzuia maji. IPX4 ni matone na jasho. IPX5 ni maji ya kurushwa. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Hiyo X haimaanishi sifuri, inamaanisha vumbi halikupimwa. Alama hizo mara nyingi ni za visikizi, si za kipochi. Ukitoka mazoezini futa kwanza ndipo uvirudishe ndani, kwa sababu chumvi ya jasho hukaukia kwenye pini za kuchajia na kuota kutu ya kijani.

Mwanzilishi wa uzi
Ninayo swali la kipochi. Kinachaji kwa waya wa zamani, lakini kwa chaja mpya yenye Type-C pande zote mbili hakiwaki hata taa.

Fundi wa Luthuli
Hilo naulizwa kila siku. Chaja ya Type-C kwa Type-C haitoi umeme mpaka ione kifaa upande wa pili, na inakiona kwa vipingamizi viwili vya kiloomu 5.1 ndani ya tundu. Watengenezaji wa bei ya chini huviruka kuokoa senti. Kipochi hakijafa, kitumie waya wenye kichwa cha USB cha kawaida upande wa chaja. Chaja yenye nguvu haikiui, hutoa volti 5 tu kama haijaombwa zaidi. Ukienda kununua, beba waya wako wa Type-C pande zote na chaja yako ujaribu. Kikiwaka, angalau hapo hawakubana.

Kuhusu upande mmoja kunyamaza, fuata mpangilio huu kabla ya kuja kwangu na mia tano. Kwanza pini: pamba kidogo yenye spiriti, futa za kisikizi na za kipochi, subiri zikauke. Halafu wavu: geuza uso uelekee chini, sugua kwa mswaki mkavu laini ili nta ianguke nje. Sindano usiguse, utatoboa wavu na kusukuma nta ndani. Spiriti usiweke kwenye wavu. Kama bado, simu isahau kifaa, rudisha vyote viwili kipochini, bonyeza kitufe sekunde 10 hivi mpaka taa zibadilike, kisha unganisha upya. Nyingi hufufuka hapo.

Kubadilisha betri kunawezekana, lakini kisikizi kimegundishwa na gundi. Ukishakifungua, ile IPX imeisha. Kwa cha elfu moja hailipi. Kikivimba, usikitoboe wala kukichaji.

Mpokea Simu
Na feki za Apple mtu atazijuaje? Zote zinatokeza ile picha ya AirPods kwenye skrini ya iPhone ukifungua kipochi.

Muuzaji wa Stoli
Picha hiyo si ushahidi, feki huitoa pia. Namba ya kwenye kipochi nayo hunakiliwa kutoka kwa halisi. Unganisha na iPhone yenye iOS 16 au zaidi: ikileta onyo kwamba haiwezi kuthibitisha ni AirPods halisi, mrudishie mwenye duka. Na popote ununuapo, chukua risiti yenye muhuri, tarehe na muda wa waranti, ulipe kwa Till (namba ya malipo ya biashara) ya duka wala si namba ya mtu.

Abiria wa Rongai
Swali la mwisho kwangu: nimebaki na cha kushoto tu. Naweza kuokota cha kulia cha aina ileile?

Fundi wa Luthuli
Chapa kubwa kadhaa huuza kimoja kimoja, waulize kwanza. Kwa vya bei ya chini lazima iwe modeli moja na toleo moja la bodi. Viweke vyote kwenye kipochi kimoja, fanya ule mrejesho wa sekunde 10, vitoe pamoja, vitafutane wenyewe bila simu. Visipoonana ndani ya dakika moja, bodi ni tofauti. Lete nijaribu na vilivyo kwenye droo, viko kama thelathini, vyote vya kulia.