Siku moja Kilwa Kisiwani: kuna farasi?

Swali: Wakuu, shikamooni. Tuko sita, tunatokea Lindi mjini. Tunataka kuzunguka magofu kwa farasi. Inawezekana?

Jibu 1: Marahaba. Farasi mtoe kwenye mpango. Kusini huku kuna mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, humuua farasi upesi kuliko ng'ombe. Tembeeni kwa miguu. Kateni kibali Kilwa Masoko kwanza, ndipo mtafute mashua. Mkishuka karibu na Gereza, ile ngome ya kale, msianze na Msikiti Mkuu ulio jirani. Nendeni Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, kabla jua halijawa kali, maana ni zaidi ya kilomita moja upande wa mashariki. Birika lake la kuogea la pembe nane, la karne ya 14, lastahili nguvu zenu za asubuhi.

Jibu 2: Naongeza: ulizeni saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga safari. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo saa ya jana haifai leo. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, maji yakitoka, mashua hukwama mbali, mkashuka kwenye tope. Vaeni raba, kandambili hazifai, matumbawe hukata. Maji ya kunywa, lita 2 kila mtu.

Muulizaji: Asanteni sana. Tutafuata maji.