Mwalimu mkuu gani wa hadithi za bweni mngempa mtoto wenu?

Mama Kibokoni: Assalaam aleikum. Binti yangu wa gredi ya 6 amemaliza vile vitabu 6 vya Enid Blyton kuhusu Malory Towers, shule ya bweni ya wasichana, 1946 hadi 1951, na sasa ataka bweni. Mimi nimeshikwa na Miss Grayling, mwalimu mkuu wa shule hiyo. Wanafunzi wapya huwaita ofisini mwake, awaambie kuwa fahari ya shule si waliopasi mitihani bali waliotoka na moyo mwema na kuaminika. Kisha haonekani sana. Wasichana hurekebishana wenyewe. Huo ni uongozi kweli?

Matroni Mstaafu, Tudor: Waaleikum salaam, mwanangu. Maneno yake nayapenda sana. Lakini nimelala bwenini miaka mingi: wasichana wawili wakinuniana kwa ndoo ya maji saa nne usiku, hotuba haifiki. Mkuu apite vitandani, ajue nani hajala. Ndiyo maana mimi ni wa Miss Annersley, mwalimu mkuu katika vitabu vya Elinor Brent-Dyer kuhusu shule ya bweni iitwayo Chalet School. Hapazi sauti, na watoto wake awajua.

Somo wa Likoni: Na Madge Bettany je? Ndiye mwanzilishi wa shule hiyo, kitabu cha 1925, kule Tirol, Austria. Miaka 24, pesa kidogo, na mdogo wake Jo afya yake dhaifu. Aliyethubutu hivyo ndiye wangu. Kinachoniuma ni kuwa alipoolewa aliacha ukuu. Huku Mombasa twawajua wanawake waliolea na kuongoza shule pamoja.

Mama Kibokoni: Shukran. Leo namtafutia huyo Madge.