Klabu yetu ilipofika fainali ya Afrika, mliitazama na nani, na mtani wenu alikaa upande gani?

Mwana wa Tabata

Salaam, ndugu zangu wapenzi wa kandanda. Ninauliza kuhusu jambo ambalo kwetu hutokea kwa nadra, yaani siku ambayo klabu ya nyumbani inacheza fainali ya Afrika na familia nzima inakaa mbele ya televisheni moja. Kwetu baba na kaka ni Simba, mama na mimi ni Yanga. Mechi za ligi tumezizoea: anayefungwa huondoka sebuleni kimya kimya, na utani huendelea mpaka kwenye chai ya kesho yake. Fainali ya Afrika ni habari nyingine, kwa sababu mpinzani ni mgeni, na yule ambaye klabu yake haikufika huko hulazimika kuamua, mbele ya macho ya watu wake, kama atamshangilia mtani au atamshangilia mgeni.

Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger kwa Mkapa katika mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho, tulikaa wote wanne. Baba alikwisha kutangaza tangu asubuhi kwamba siku hiyo yeye ni Mtanzania tu. Kaka alikuja amevaa fulana nyekundu na suruali nyeusi, akadai kwamba ni nguo zake za kila siku, ingawa kila mtu alijua rangi za Waaljeria. Tulikuwa nyuma kwa bao moja hadi zilipobaki dakika chache, Fiston Mayele akasawazisha, na mama akamkumbatia baba, ambaye alipiga makofi ya dhati kabisa. Dakika mbili baadaye wageni wakafunga la pili. Nilimwona kaka akianza kuinua mikono juu, kisha akamtazama mama, akaishusha na kuiweka magotini.

Naomba wenye kumbukumbu za fainali kama hizo, za zamani au za karibuni, watueleze walikaa na nani, mtani wao alikuwa upande gani, na mpira ulipokwisha walisemezana nini. Nisingependa mjadala huu ugeuke kuwa ubishi wa klabu ipi ni kubwa kuliko nyingine.

Mzee wa Ilala

Mwanangu wa Tabata, nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu wengi wanaosoma hapa walikuwa hawajazaliwa Novemba 1993. Mwaka huo Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, na mjini Abidjan ikatoka sare ya bila kufungana na Stella, klabu ya Ivory Coast. Mkondo wa pili ulikuwa wetu, kwenye Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, na hesabu yake hata watoto waliijua: ushindi wowote, hata wa bao moja, na kombe linabaki Dar es Salaam. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973, lakini sisi tulianza kuvipata mwaka uliofuata, 1994. Kwa hiyo kuitazama fainali kulimaanisha kwenda uwanjani, na aliyekosa tikiti alikaa na redio.

Tulikwenda kundi zima la baraza letu la kahawa, Simba na Yanga pamoja. Rafiki yangu wa karibu, ambaye ni Yanga wa kuzaliwa, alinunua tikiti kwa fedha yake mwenyewe wala hakuna aliyemshurutisha. Mkumbuke kwamba mwaka huohuo Yanga ilikuwa imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati kule Kampala, kwa kuifunga SC Villa mbele ya mashabiki wake. Alikuwa na kombe lake, na kwa hiyo aliweza kututakia letu bila kinyongo. Uzalendo ninauheshimu, lakini ninavyoona mimi, tofauti ya kaka yako na rafiki yangu iko hapo hasa: mtani aliyeshiba hana haja ya kukuombea njaa.

Tuliingia mapema, tukakaa kwenye mzunguko, upande usio na paa, tukila machungwa na mihogo ya kukaanga. Yeye alikuwa na redio ndogo ya betri ameibana sikioni, kwa sababu alikuwa na desturi ya kumsikiliza mtangazaji wa Radio Tanzania akieleza mchezo uleule alioutazama kwa macho yake, na kila mara alitugeukia kutuambia mtangazaji amesema nini, kana kwamba sisi hatukuwapo. Rais Mwinyi alikuwa jukwaani. Mohamed Mwameja alikuwa golini, Abdallah Kibadeni ndiye aliyekuwa kocha, na katika safu yetu hapakuwa na mtu mwenye wasiwasi.

Boli Zozo alitufunga mara mbili. Sitayasimulia mabao yenyewe. Bao la pili lilipoingia, rafiki yangu aliizima ile redio, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri moja baada ya nyingine na kuzitia mfukoni, kisha akanishika bega. Tulirudi Ilala kwa miguu katikati ya umati, mkono wake ukiwa bado begani kwangu, na hakusema neno. Kesho yake barazani, vijana wa Yanga walipoanza kutucheka, yeye ndiye aliyewakemea, akawaambia kwamba msiba una siku zake na utani una siku zake. Siku za utani zilipofika hakutubakishia kitu, na hilo lilikuwa haki yake.

Mkazi wa Kisumu

Shikamoo mzee, na pole kwa hayo ya 1993. Huku kwetu tulipata bahati ambayo nyinyi hamkuipata, na watani wetu walikuwapo kuishuhudia.

Mwaka 1987 nilikuwa mtoto, na tuliishi Kaloleni, Nairobi. Baba alikuwa Gor Mahia, na jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa AFC Leopards ambaye, katika siku za kawaida, hakuweza kulitamka jina la Gor bila kukunja uso. Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi Barani Afrika, lililokuwa likiitwa Kombe la Mandela, ikaenda Tunis na kutoka sare ya 2-2 na Espérance. Mchezo wa marudiano ulichezwa Desemba, Kasarani.

Ili mwelewe kwa nini yule jirani alikuja nasi, lazima niwakumbushe yaliyotokea Agosti ya mwaka huo. Uwanja wa Kasarani ulikuwa mpya, umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika Nzima, na katika fainali ya soka ya michezo hiyo Harambee Stars, timu yetu ya taifa, ilifungwa na Misri bao 1-0 papo hapo, mbele ya watu wake. Katika Harambee Stars wachezaji wa Gor na wa Leopards walicheza bega kwa bega, kwa hiyo kidonda kile kilikuwa cha mitaa yote. Gor ilipoleta Waarabu wengine katika uwanja uleule, jirani alimwambia baba kwamba hawezi kukubali kuona jambo lile likitokea mara mbili kwa mwaka mmoja. Tulipanda basi pamoja, mimi nikiwa nimepakatwa na yeye kwa sababu baba alikuwa amewabeba wadogo zangu.

Peter Dawo alifunga, Espérance nao walifunga, na mchezo ukaisha 1-1. Nilikuwa sijui kanuni ya bao la ugenini, kwamba jumla ya mabao ikilingana hushinda aliyefunga mengi zaidi ugenini. Niliona watu wazima wakilia na kuimba kwa sare, nikachanganyikiwa, na aliyenieleza alikuwa yule jirani wa Leopards: alichora kwa kidole kwenye kiganja changu, mawili ya Tunis upande mmoja, moja la Nairobi upande wa pili, akanionyesha kwamba Gor imeshinda bila kumshinda mtu. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara zima, na mimi somo langu la kwanza kuhusu ushindi huo nililipata kwa mpinzani wetu.

Ndugu wa Tabata, kanuni iliyotupa sisi kombe ndiyo iliyowanyima nyinyi. Je, kaka yako alikuja katika mchezo wa marudiano?

Mwana wa Tabata

Alikuja, ndugu yangu, na safari hii alivaa kanzu nyeupe, isiyo na rangi ya mtu yeyote. Ilikuwa tarehe 3 Juni, usiku, na baba alikuwa amelala mapema kwa sababu ya uchovu wa safari. Djuma Shaban alifunga penalti mapema kabisa, tukawa tunahitaji bao moja tu zaidi, na kwa muda uliobaki sote watatu tulisogea mbele ya viti vyetu. Tulishinda 1-0 ugenini, jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algiers kwa yale mabao mawili waliyoyapata kwa Mkapa. Ulaya walikwisha kuifuta kanuni hiyo tangu 2021, nami nilikuwa na hasira nayo sana. Kaka alisema kwamba timu iliyoshinda Algiers haikustahili kurudi mikono mitupu. Alilisema akimtazama mama, si mimi.

Mtoto wa Lubumbashi

Ninawasalimu kutoka Kongo. Huku watani ni Mazembe na Lupopo, na Lupopo ni klabu ya watu wa reli, kama alivyokuwa mjomba wangu, ambaye alifanya kazi relini miaka mingi. Desemba 2010 Mazembe, wakiwa mabingwa wa Afrika kwa mwaka wa pili mfululizo, walikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu, wakaitoa Pachuca, kisha wakaifunga Internacional ya Brazil 2-0. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini kuingia fainali hiyo.

Bao la pili dhidi ya Wabrazili lilipoingia na kipa Kidiaba alipoanza kurukaruka kwa makalio kama ilivyokuwa desturi yake, mjomba, mtu mzima mwenye wajukuu, alishuka kitini na kumfuata vilevile kwenye sakafu ya saruji, kutoka ukuta hadi mlango, na shangazi akimsihi aache. Katika fainali Inter Milan ya Italia walitufunga 3-0, na mmoja wa wafungaji alikuwa Samuel Eto'o, Mwafrika mwenzetu, jambo lililomuuma mjomba kuliko mabao yenyewe. Ligi ilipoanza tena alirudi kwa Lupopo wake, na hatukumlaumu.

Mama wa Amani, Unguja

Shikamooni wazee, na salamu kwa wote. Mimi ni Simba, mume wangu ni Yanga, na mawazo yangu yanatofautiana kidogo na yenu.

Mwaka jana niliwasikia watu wakisema kwamba asiyeshangilia klabu ya nyumbani katika fainali si mzalendo. Sikubaliani nao. Tarehe 25 Mei 2025, katika marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba ilicheza na RS Berkane hapa kwetu, Uwanja wa Amaan, ikiwa imefungwa 2-0 kule Morocco. Uwanja wetu ni mdogo ukilinganisha na wa Mkapa, na wageni waliovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam walikuwa wengi kuliko tikiti. Nyumba yangu iko karibu na uwanja, kwa hiyo sebule ilijaa jamaa waliokosa nafasi, nikapika biriani la kutosha watu wote, na mume wangu akawakaribisha kwa bashasha huku akiwaambia wazi kwamba yeye yuko na Berkane.

Anayekaa karibu na uwanja hujua mambo kabla ya televisheni, kwa sababu picha huchelewa sekunde kadhaa. Joshua Mutale alipofunga dakika ya 17, tulisikia mngurumo ukipita dirishani, tukasimama wote na kukumbatiana wakati kwenye kioo mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja. Kipindi cha pili, Yusuph Kagoma akiwa amekwisha kutolewa kwa kadi nyekundu, mngurumo ulikuja tena: Steven Mukwala amefunga. Tulishangilia mara mbili, kwa sauti na kisha kwa picha, halafu mwamuzi akaenda kwenye video na bao likakataliwa kwa kuotea. Mume wangu alikuwa na nafasi ya kucheka wakati ule na hakucheka. Alipita akiwajazia wageni maji ya kunywa, mmoja baada ya mwingine.

Dakika za nyongeza Berkane walisawazisha, nasi tulilijua hilo kwa sababu kelele za nje zilikatika ghafla. Mume wangu alipiga kofi moja, la furaha ya kweli, nami sikumkasirikia. Ningekasirika angejifanya analia nami. Katika miaka yote ya ndoa yetu amekuwa mkweli kwangu kuhusu kila jambo, na sitaki aanze kunidanganya kwa ajili ya mpira. Kaka wa Tabata alipoishusha mikono yake alimheshimu mama yake, na hilo ninalipenda, lakini angeiinua pia nisingemhesabu kuwa adui wa nchi.

Mzee wa Ilala, nina swali kwako: yule rafiki wa redio, mwaka 2023 Yanga ilipofika fainali, ulikwenda naye kwa Mkapa?

Mzee wa Ilala

Nilikwenda naye, binti yangu. Tikiti zote mbili nilinunua mimi.